Pazia la Mtu Anayelala Mchana

Jumapili, 1 Juni 2025

Baba watoto yuko zamu ya usiku tena, mwezi mzima. Anarudi kutoka bandari kavu ya hapa Isaka saa moja na nusu asubuhi, anakunywa uji, anaoga, anaingia chumbani. Mpaka saa saba analala vizuri. Ikifika saa nane jua linaanza kupenya dirishani, na saa tisa nikichungulia namkuta amejifunika shuka mpaka kichwani, jasho linamtoka, hajui kama amelala au yuko macho. Jioni anaamka na macho mekundu, halafu usiku anarudi kwenye makontena ya Kigali na Bujumbura, kwenye winchi na malori yanayorudi kinyumenyume gizani. Hapo ndipo moyo wangu unapokaa juujuu. Mtu asiyelala mchana hana haki ya kusimama chini ya kontena usiku.

Pazia tulilonalo ni la dukani, satini ya rangi ya maziwa yenye maua ya dhahabu. Taa ikiwaka usiku linapendeza. Mchana ukisimama ndani unahesabu nondo za dirisha kupitia kitambaa.

Nimeamua nishone mwenyewe. Likizo ya Juni iko mlangoni, na cherehani ya mama ipo, ile Butterfly ya miguu, haihitaji umeme wala LUKU.

Nimekuwa nikiwaza jambo hili tangu asubuhi kanisani. Huku kwetu pesa ya pazia huenda sebuleni. Sebule inapata pazia na shela, ringi za fedha, na kitambaa cha juu chenye mikunjo. Chumbani panawekwa kilichobaki, au doti ya kanga kwenye waya na misumari miwili. Lakini ukanda huu umejaa watu wanaolala mchana. Kwenye mgodi wa Bulyanhulu wanachimba usiku na mchana, Geita vivyo hivyo. Kuna madereva wa malori, walinzi, wauguzi, watu wa reli. Kwao pazia la chumbani ni nyenzo ya kazi sawa na kofia ngumu na buti.

Jumatano, 4 Juni

Kabla ya kupima dirisha nimepima mwanga. Leo nimetoka shule mapema, nikaketi kitandani kuanzia saa nane na daftari hili, baba watoto akiwa ameenda kwa kaka yake.

Dirisha linaangalia magharibi. Nje, upande wa kusini kidogo, kuna mwembe. Mwezi wa kumi na mbili chumba hiki hakina shida kubwa, nami sikuwahi kujiuliza kwa nini. Leo nimeona. Desemba jua la alasiri hushukia kusini-magharibi, mwembe unalipokea. Juni jua limehamia kaskazini yetu, linashuka kaskazini-magharibi, linaupita mwembe pembeni na kuingia dirishani moja kwa moja mpaka karibu saa moja jioni. Kwa hiyo msimu mbaya wa chumba hiki ni huu huu wa baridi ya usiku na vumbi, wakati watu wengine wanasema hali ya hewa ni nzuri.

Mwanga unaingia kwa njia nne. Katikati, kupitia kitambaa. Juu ya bomba, kwenye nafasi kati ya pazia na ukuta, unatoka mstari mweupe unaopiga dari na kumwagika chumba kizima. Huu ndio mbaya kuliko wote na watu hawauoni. Pembeni, kwa sababu bomba limeishia pale pale dirisha linapoishia. Na chini, kwa sababu pazia limekatwa usawa wa kizingiti.

Ukishona kitambaa kizito kiasi gani bila kuziba hizo njia tatu nyingine umefanya kazi bure.

Alhamisi, 5 Juni

Vipimo. Dirisha futi 5 kwa 4, yaani sm 150 kwa 120. Bomba jipya sm 200, lizidi dirisha sm 25 kila upande, na lipande juu ya dirisha sm 20. Urefu wa pazia likiisha kushonwa sm 215, liishie vidole vitatu juu ya sakafu. Likiburuza litakusanya vumbi, na fagio litalichafua kila asubuhi.

Upana: kitambaa kiwe mara mbili ya bomba ili marinda yasimame. Pungufu ya hapo pazia linanyooka kama shuka iliyoanikwa, na mwanga unapita kila linapotingishwa na upepo.

Hesabu. Majani mawili. Kitambaa cha upana wa sm 150: vipande vitatu vya urefu. Kimoja nakipasua katikati, kila jani linapata upana mmoja na nusu, sm 225. Muungo unakula 3, pembeni napinda 6 kila upande, linabaki 210. Majani mawili 420 juu ya bomba la 200. Inatosha.

Urefu wa kukata: 215, ongeza 20 za pindo la chini lililokunjwa mara mbili, ongeza 12 za juu. Jumla 247. Mara tatu ni mita 7 na sm 41. Nitanunua mita 8, kwa kuwa pamba hurudi ikifuliwa.

Ndiyo, pamba. Hili nimeshaliamua na nitaandika sababu nikipata nafasi.

Jumatatu, 9 Juni

Kahama. Nimepanda Hiace ya asubuhi, tumesimama Kagongwa muda mrefu watu wakipakia magunia ya mchele, lakini saa nne nilikuwa sokoni.

Duka la kwanza lina mapazia yaliyoshonwa tayari yananing'inia mpaka barabarani. Nikauliza kitambaa cha pamba tupu cha kukata. Muuzaji, kijana mpole, akanishushia jora la rangi ya udongo: “Hii pamba asilimia mia, mwalimu.” Kizuri kweli, kizito, mkononi kimelala vizuri. Nikamwomba anichomolee nyuzi chache kwenye ukingo. Nikatoka nje ya baraza nikawasha kiberiti.

Pamba ikiungua inawaka haraka kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ukiyasugua kati ya vidole yanakuwa unga wa kijivu. Polista inajikunja, inarudi nyuma ya moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu nyeusi isiyovunjika. Kilichobaki kwenye kidole changu kilikuwa punje. Kijana alishangaa kweli, naamini hakuwa anadanganya. Aliambiwa na aliyemuuzia. Akaniomba nimwonyeshe tena.

Sina chuki na polista. Inakauka upesi, haififii sana juani, bei yake watu wanaimudu. Pamba ikipigwa jua miaka mingi inafifia na nyuzi zinachoka. Anayesema vinginevyo hajaishi na dirisha la magharibi. Ila chumba cha mtu anayelala saa tisa mchana kinataka kitambaa kisichonata vumbi na kinachovumilia maji ya moto na sabuni ya mche. Kuhusu jua, dawa yake ni bitana upande wa dirishani. Bitana ikichakaa unaibadilisha, pazia linabaki.

Nimepata duka la nguo za shule na mashuka. Drili nzito ya pamba, bluu ya bahari, upana sm 150. Nyuzi zimeungua kuwa majivu laini. Mita 8.

Kisha marekani kwa ajili ya bitana, ile ya kawaida isiyopaushwa, yenye vijidoa vya maganda ya mbegu. Na kaniki nyeusi.

Mpango wangu ni tabaka tatu. Marekani inaangalia dirisha. Weupe wake unarudisha jua nje kabla halijawa joto. Kaniki inakaa katikati, inameza mwanga uliobaki. Drili inaangalia chumba. Madukani kuna kitambaa cha kuzuia mwanga chenye mgongo kama wa mpira, nimekishika. Kinazuia vizuri, lakini hakipumui, na nimeona kwa jirani mgongo wake ukipasuka na kumenyuka baada ya kufuliwa.

Jioni hiyo hiyo

Kwenye gari la kurudi nilikuwa nimepakata marekani na kaniki magotini, na lami ile inapita katika nchi ambayo vitambaa hivi viwili viliwahi kuwa pesa yake. Nafundisha somo hili kila mwaka na watoto wanasinzia; mwakani nitaingia darasani na vitambaa vyenyewe. Misafara iliyotoka Bagamoyo kupanda Tabora ilibeba marekani, kaniki na shanga. Kwa marekani ulinunua mtama, ulilipa hongo kwa mtemi, ulimlipa mpagazi. Sultani Sayyid Said alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na baada ya hapo meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shehena za kitambaa hiki na kurudi na pembe, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861 pamba yao ikakatika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Mpelelezi Mwingereza Speke alipotoka Tabora mwaka 1858 kwenda kuliona Ziwa Victoria alipita nchi hii ya Wanyamwezi na Wasukuma, na vitambaa ndivyo vilivyomfungulia njia.

Wapagazi wenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa nguo begani, miezi njiani. Watoto wa darasa la sita wakishika uzito wa jora moja wataelewa.

Jumanne, 10 Juni

Nimefua vyote kabla ya mkasi kugusa kitu. Drili ya mita 8 imetoka mita 7 na sm 68, yaani imerudi sm 32. Marekani imerudi zaidi, na imekuwa laini. Kama ningeshona kwanza na kufua baadaye, bitana ingevuta pazia lote juu na pindo lingepinda kama mdomo.

Kaniki ndiyo yenye kazi. Inatoa rangi. Maji ya kwanza yalikuwa meusi tii, ya pili vivyo hivyo. Watu husema tia chumvi ishike rangi. Mimi naamini maji mengi. Nimeendelea kusuuza mpaka nilipoiweka kona yake juu ya kipande cha marekani kilicholowa, nikakandamiza kwa jiwe, na marekani ikabaki safi. Bila jaribio hilo singethubutu kuzilaza pamoja.

Mama mkwe amepita. Nimemwamkia, “Mwangaluka mayu,” akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye kamba. Akaniuliza taratibu kaniki ya nini, na ya dirisha la chumbani kwa mwanawe tena. Namwelewa. Huku kaniki ina wenyewe. Watu huiona kwa waganga na kwenye mambo ya mizimu. Nimemwambia, “Mama, itakaa katikati ya nguo mbili, haitaonekana na mtu. Nataka mwanao alale.” Akakaa kimya, akashika kitambaa, akasema kipindi cha ujana wake kaniki ilikuwa nguo ya shambani, ya kulimia pamba, na hakuna aliyeiogopa. Kisha akanisaidia kukamua.

Ijumaa, 13 Juni

Kukata. Nimeondoa meza sebuleni, nimepiga deki, nimetandika sakafuni.

Ili ukate kitambaa wima sawasawa usifuate ukingo wa dukani, kwa sababu muuzaji amekata kwa haraka. Chomoa uzi mmoja wa upana, uvute taratibu mpaka upande wa pili; unaacha mfereji mwembamba kama mstari wa kalamu, na mkasi unafuata hapo. Kwa drili nzito inachukua muda, uzi unakatika, unautafuta kwa sindano, unaendelea. Lakini pazia lililokatwa nje ya uzi halining'inii sawa hata ulipige pasi vipi. Baada ya majuma machache jani moja linaelekea mlangoni na jingine ukutani.

Kipande cha nusu nimekipangia kukaa upande wa ukutani kwenye kila jani, muungo ujifiche kwenye marinda ya pembeni. Katikati, mahali majani yanapokutana, kitambaa kiwe kizima.

Marekani na kaniki zina upana mdogo, nimeunga mara zaidi. Miungo ya marekani nimehakikisha haiangukii mahali pamoja na ya kaniki wala ya drili, vinginevyo panakuwa na uti mnene ambao sindano itaugomea.

Jumapili, 15 Juni

Cherehani. Nimeifungua, nimepiga brashi vumbi la nyuzi chini ya meno, nimetia mafuta tone moja kila tundu. Mkanda wa ngozi ulikuwa umelegea, nimeukata kidogo na kuunga upya kwa kile kipini chake cha waya. Sindano namba 16 ikavunjika kwenye kona yenye tabaka nyingi, nimeweka 18. Hatua za mshono nimezirefusha, maana mshono mfupi kwenye nguo nzito unakunja kitambaa na pia ni shida kuufumua siku ya kubadilisha bitana.

Utaratibu niliofuata, nauandika kwa ajili ya mdogo wangu aliyeniomba:

Pindo la drili kwanza, sm 10 likunjwe mara mbili, yaani 20 zote ziko ndani. Uzito huo wa chini ndio unaofanya pazia litulie upepo ukipita. Marekani na kaniki pindo lao moja, zikiwa pamoja, ziishie sm 3 juu ya pindo la drili ili zisichungulie. Halafu laza drili kifudifudi, juu yake kaniki, juu yake marekani, zote zikiwa zimepigwa pasi. Kingo za drili zigeuzwe zifunike kingo za bitana pembeni, piga mshono. Juu kabisa ingiza ukanda wa kitambaa kigumu, kile kinachotiwa kwenye kola za mashati, kunja, piga mistari miwili. Pindo la chini la bitana liache huru, usilishone na drili. Tabaka zisipofungwa chini kila moja inaning'inia kwa uzito wake.

Mguu unasukuma, mkono wa kulia unaongoza, wa kushoto unabeba uzito. Uzito ndio adui. Nguo ikining'inia nje ya meza inavuta sindano, mshono unapinda. Nimeweka viti viwili nyuma ya cherehani vibebe kilichokwisha kupita, na mwanangu mkubwa amekaa mbele akinilisha kitambaa. Mtoto wa darasa la tano, na alishika mdundo wa pedali haraka: nikipunguza anapunguza.

Umeme ulikatika saa kumi na moja. Tuliendelea mlangoni mpaka mwanga ulipokwisha.

Jumatano, 18 Juni

Kuhusu pamba, kama nilivyojiahidi.

Nimepeleka majani yote mawili dukani kwa jirani, akayaweka kwenye mizani ya mchele. Kilo 4 na robo. Pamba ikichambuliwa kiwandani, kilo tatu za pamba mbegu hutoa kilo moja na kidogo ya pamba nyuzi. Kwa hiyo pazia langu ni kama kilo 12 za pamba mbegu. Ekari ya mkulima wa kawaida huku inatoa kilo 200 mpaka 300. Dirisha moja ni kona ndogo tu ya shamba, hatua chache za mtu anayevuna na kikapu.

Na kona kama hizo zimejaa kila upande. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inatoka kanda hii ya magharibi, Simiyu, Shinyanga, Mwanza na majirani zao. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilizalisha mbegu ya UK 91 ambayo baba yangu aliipanda. Wakati huu wa mwaka marobota yanapita hapa Isaka juu ya malori kuelekea Dar es Salaam, na sehemu kubwa yanapanda meli yakiwa nyuzi ghafi. Makontena ya vitambaa yanakuja kwa njia ile ile, yakielekea huku. Mume wangu anayashusha usiku.

Kulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex Mwanza, kulikuwa na Mutex Musoma. Mama yangu alikuwa na shuka ya Mwatex aliyoifua mpaka ikawa laini kama ngozi ya mtoto. Urafiki pale Ubungo ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kanga zake zilifika kila kijiji. Nasema haya kwa uchungu, na nayasema makusudi kwenye daftari la pazia. Nimezunguka Kahama siku nzima, mji ulio katikati ya mashamba ya pamba, kutafuta mita 8 za pamba, na nimezipata kwenye duka la sare za shule. Drili yenyewe haikufumwa hapa. Ukingo wake umeandikwa kwa lugha nisiyoisoma.

Reli mpya inajengwa, kipande cha Mwanza mpaka Isaka kina kilomita 341. Watu wanaongea habari ya mizigo itakayopita kwa kasi. Mimi ningetaka kusikia habari ya kitu kimoja kitakachosimama hapa kikafumwa. Isaka ina njia ya reli, ina lami ya kwenda Rwanda, imezungukwa na pamba. Sijui tunangoja nini kingine.

Alhamisi, 19 Juni

Ringi. Ziwe shufwa, namba isiyogawanyika kwa mbili itakuharibia: ringi zikiwa shufwa kingo zote mbili za jani zinaelekea ukutani, na mwanga wa pembeni unazibwa. Zikiwa witiri ukingo mmoja unageukia chumbani na unaacha upenyo.

Jani la sm 210: ringi 12. Ya kwanza na ya mwisho sm 6 kutoka ukingoni, inabaki 198, nafasi 11, kila nafasi sm 18 kamili. Nimechora duara kwa chaki kwa kutumia ringi yenyewe, nimekata ndani ya mstari kwa mkasi mdogo wenye ncha, nimebana pande mbili mpaka zikalia. Kwa tabaka tatu na ule ukanda mgumu inabidi ukandamize kwa kiganja na goti. Ringi za plastiki nyepesi hazifai hapa, zinaachia. Chagua zenye meno marefu ndani.

Fundi wa kuchomelea amenikatia bomba la chuma la inchi moja, amelifunga kofia mbili mwishoni, nimelipiga rangi. Yale mabomba membamba ya dukani yanayoingiana yangepinda katikati kwa kilo nne. Vishikilio vitatu, viwili pembeni na kimoja katikati, vya skrubu na plagi, ukuta wetu ni tofali za saruji. Baba watoto ametoboa mwenyewe kabla ya kwenda kazini.

Jumamosi, 21 Juni

Yananing'inia tangu jana bila kuguswa, yajinyooshe. Pasi ya mkaa nimepitisha yakiwa palepale juu, kwa kitambaa chenye unyevu.

Leo jua limefika mwisho wa safari yake ya kaskazini. Saa tisa na nusu, ile saa mbaya, nimefunga majani na kusimama katikati ya chumba. Nilinyoosha mkono, nikaona umbo lake, vidole sikuviona. Juu ya bomba bado kuna mstari mwembamba wa mwanga darini. Nitaweka ubao, upana sm 15, umefunikwa drili iliyobaki, upigwe ukutani juu ya bomba. Si urembo, ni kifuniko.

Joto: ukigusa marekani upande wa dirishani ni ya moto, ukigusa drili upande wa chumba ni ya kawaida.

Kelele za malori zinaingia kama kawaida, sitadanganya. Honi ya treni pia. Ila ule mwangwi wa chumba kitupu umepungua, sauti zinafika zikiwa butu.

Kasoro inayobaki ni hewa. Nguo iliyozuia mwanga imezuia na upepo. Dirisha liko wazi nyuma yake, wavu wa mbu upo, lakini hewa inaingia kwa chini tu, kwa vile vidole vitatu. Chumba kinahitaji njia ya kutokea, nayo ni mlango wa ukumbini.

Jumanne, 24 Juni

Amelala mpaka saa kumi na robo alasiri. Ameamka akauliza kama kumekucha.

Nimeanza desturi ya kuyakung'uta majani kila jioni kabla ya kuyavuta pembeni. Mbu hupenda kujificha kwenye mikunjo ya nguo nyeusi, na huku malaria haina mchezo. Kuyafua itakuwa mwisho wa Agosti, kwa beseni kubwa, jani moja kila siku, kuanikwa kivulini upande wa bitana ukiwa nje.

Jirani wa nyuma, ambaye mumewe yuko mgodini Kakola na anarudi na kulala mchana siku zake za mapumziko, amekuja kuona. Ameuliza gharama. Nimemwambia ukweli: vitambaa, ringi, bomba na nauli vimezidi bei ya pazia la dukani, karibu mara mbili. Hakuvunjika moyo. Akaniuliza kama angeweza kuanza na bitana tu, akaishona nyuma ya pazia alilonalo. Anaweza, na ni wazo zuri kuliko langu kwa mwenye haraka. Marekani moja na kaniki moja, pindo huru chini, miungo ipishane. Atakuja Jumamosi na vitambaa vyake, vikiwa vimeshafuliwa.

Alhamisi, 26 Juni

Pazia la mlango wa ukumbini, ili mlango ubaki wazi akilala na watoto wasimwone. Fremu sm 90 kwa 210. Hapa giza halihitajiki, ukumbi una kivuli. Linatakiwa jepesi, lipepee, lipitishe hewa na lirudi lenyewe mtu akipita. Kitenge cha pamba, upana wake sm 115, kinatosha mlango bila kuunga. Bila bitana. Liishie sm 15 juu ya sakafu, hewa ipite chini. Juu lisifike mwisho wa fremu, niache sm 10 wazi. Urefu uliokamilika 185. Kukata 185, na 12 za pindo, na 8 za mfereji wa waya: sm 205. Kurudi kwa pamba, ongeza 10. Mita 2 na sm 15.

Kitenge nikichome nyuzi kwanza.